Kumfunza Mtoto Kufunga Bila Kumfunza Kudanganya

Mtoto wa miaka 8 akiingia msalani mara nne kati ya adhuhuri na alasiri, mchana wa Ramadhani, hana ugonjwa wa mkojo. Anakunywa maji ya bomba. Aliingia na midomo mikavu, katoka nayo imelowa, na akiulizwa anasema alikuwa akitia udhu. Mama anajua, dada zake wanajua. Jioni anakaa jamvini na waliofunga, anapewa tende ya kwanza, babu anamsifu mbele ya wageni, naye anainamisha uso kwenye bakuli la uji.

Nyumba nyingi hulicheka jambo hili, na kweli lina kichekesho chake. Ila wazazi waliokwisha kuwapitisha watoto kadhaa katika mfungo wa kwanza huishia kuliona kwa jicho jingine: mtoto yule hakushindwa na njaa, alishindwa kusema ameshindwa. Wakubwa walikwisha kumtangaza kwa majirani kwamba mwaka huu anafunga, wakamlinganisha na binamu yake, wakamwachia njia moja tu ya kufungua, nayo ni ya uchochoroni. Anayetaka kumzoesha mtoto saumu ampe kwanza ruhusa ya kufungua hadharani bila kuonewa haya. Habari za daku, usingizi, uji na shule zinafuata baada ya hapo. Mengi ya yaliyomo humu mzazi huyajua akifika mtoto wa tatu, wakati wa kwanza na wa pili wameshayalipia.

Sheria yenyewe ni nyepesi kuliko sisi. Saumu haimlazimu mtu mpaka abaleghe. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi mwambao, mzazi huanza kumwamrisha mtoto akifika miaka 7 iwapo anaimudu, na kumbana zaidi akifika 10, kama ilivyo kwa sala. Hayo maneno "iwapo anaimudu" ndiyo yanayorukwa. Yupo wa miaka 7 mwenye mwili wa kustahimili, na yupo wa 10 aliyetoka juzi kuugua malaria. Mwenye selimundu asijaribiwe kabisa bila ya daktari wake kuridhia, maana upungufu wa maji mwilini ni mojawapo ya mambo yanayomwamshia maumivu makali ya mifupa. Vivyo hivyo mwenye kisukari anayechoma insulini, mwenye kifafa anayemeza dawa kwa saa maalumu, na mwenye maradhi ya figo. Hawa wapewe kazi nyingine za mwezi: kusoma juzuu, kupeleka sahani kwa majirani, kuwaamsha wenzao daku. Wasikalishwe pembeni wakaonekana hawamo.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kumwanzisha mtoto tarehe mosi ya Ramadhani. Siku hiyo nyumba nzima iko hoi. Watu wametoka kwenye vunja jungu na matumbo yamejaa, mwezi umetangazwa usiku mkubwa, daku limepikwa kwa pupa, na mama mwenyewe kichwa kinamgonga kwa kukosa chai ya asubuhi. Hakuna mwenye subira ya kumlea mfungaji mgeni. Mazoezi yaanze Rajabu au mwanzo wa Shaabani, siku za mwisho wa juma, watu wakiwa na nafasi. Isingojwe nusu ya pili ya Shaabani, kwani Mashafi hukataza kuanzisha saumu za sunna wakati huo, na ni vizuri mtoto aizoee kalenda hiyo tangu mapema.

Njia iliyozoeleka ni kumfungisha nusu siku. Anakula daku na wenzake, wiki ya kwanza anafungua saa 4 asubuhi, ya pili adhuhuri, ya tatu alasiri, kisha anajaribiwa mchana kutwa siku asiyokwenda shule. Si sisi peke yetu. Uturuki na Iran funga hii ya watoto ina hadi jina lake, na Uturuki bibi humwambia mjukuu kwamba nusu mbili zitashonwa ziwe siku moja. Kisheria hiyo si saumu, ni mazoezi, na mtoto aambiwe hivyo kwa upole.

Ila kwa walio chini ya miaka 7 ni afadhali kuigeuza hiyo nusu, ingawa wazee wengine hawaipendi rai hii. Mtoto ale chakula chake cha mchana saa 7, kisha afunge mpaka adhana ya Magharibi. Ni kama saa 6 hivi, tena ndizo zile nzito za mwisho, na anazipitisha pamoja na nyumba nzima. Anasikilizia adhana na wakubwa, anaishika tende mkononi akingoja. Yule aliyefungua adhuhuri peke yake jikoni huwa amekwisha kushiba wengine wakifuturu, na raha yenyewe ya mfungo inampita.

Siku atakayofunga mchana kutwa kwa mara ya kwanza, hali yake ya jioni inategemea sana saa aliyokula daku. Chukua hesabu ya Dar es Salaam au Unguja mwezi wa Februari. Alfajiri inaingia kama saa 11:15, Magharibi kama saa 12:45 jioni. Mchana wa saumu ni kama saa 13 na nusu, na kwetu huku karibu na ikweta hautofautiani sana mwaka mzima. Nyumba nyingi hula daku saa 6 usiku baada ya mazungumzo ya tarawehe, zikalala moja kwa moja. Mtoto wa nyumba hiyo atakaa karibu saa 19 bila kula. Akiamshwa saa 10:30 alfajiri, atakaa saa 14 na robo. Ikifika alasiri utadhani ni watoto wa mataifa mawili. Na sunna yenyewe ni kuchelewesha daku. Zile ngoma zinazopita mitaani Lamu, Mombasa na Unguja usiku wa manane zinapigwa ili watu waamke wale, si wageuke ubavu wa pili.

Kumwamsha nako kuna namna yake. Ukimwashia taa usoni na kumsukumia sahani, atatafuna matonge mawili na kurudi kulala. Mkalishe, mnawishe uso, mpe nusu bilauri ya maji, kisha muache dakika 10 tumbo liamke. Wali kwa maharage au mbaazi za nazi unamfaa, au mhogo kwa samaki, yai la kuchemsha, ndizi mbivu. Wali wa jana uliopashwa moto hauna ubaya wowote. Andazi na chai ya sukari peke yake humshibisha kwa saa mbili, na ikifika saa 3 asubuhi tumbo linaunguruma. Kinachomponza zaidi ni chumvi: ng'onda, papa mkavu, achari, krispu za pakiti. Hivyo humtia kiu ya saa 4 asubuhi, na kiu ya saa 4 ndiyo inayompeleka msalani. Chai nzito nayo iachwe, kwani humwendesha haja ndogo na kumnyima usingizi wa baada ya sala.

Maji hayawekwi akiba kwa kunywa lita nzima dakika ya mwisho. Yatatoka yote kabla jua halijapanda. Mtoto wa miaka 8 hadi 10 anahitaji kama bilauri 6 hadi 7 kuanzia futari mpaka daku. Mbili anywe wakati wa kufuturu, moja baada ya Magharibi, moja kabla ya tarawehe, moja akirudi, na moja na nusu au mbili kwenye daku. Njia nyepesi ni kumjazia chupa yake mwenyewe ya lita moja baada ya futari na kumwambia iishe kabla ya kulala.

Baada ya daku apige mswaki, anuie, kisha asali. Kwa Mashafi nia ya saumu ya Ramadhani hutiwa kila usiku kabla ya alfajiri, na mahali pake ni moyoni, kwa hiyo mtoto asikaririshwe maneno marefu akisinzia. Akipitiwa na usingizi akaamka kumekucha, aseme anataka kuendelea, aendelee. Ni mazoezi yake, hayana haja ya kugombezwa.

Usingizi ndio unaosahauliwa kuliko chakula. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji saa zisizopungua 9 kwa siku, na usiku wa Ramadhani mwambao hauna hizo saa 9: kuna tarawehe, kuna wageni, kuna vijana wa mtaani wanaocheza mpira chini ya taa mpaka saa 6. Anayefunga kesho alale saa 3 usiku. Kama hilo lina maana kwamba atasali rakaa 4 za tarawehe badala ya 20, na iwe hivyo. Arudi kulala baada ya sala ya alfajiri ikiwa si siku ya shule, na alazwe tena kwa muda wa saa moja baada ya adhuhuri. Wengi wanaoanguka na kulia saa 10 jioni hawana njaa kubwa, wana usingizi wa siku tatu.

Mchana una mitego yake, na wa kwanza ni mate. Watoto wengi wa kwetu huambizana shuleni na chuoni kwamba kumeza mate kunafunguza, basi kutwa wanatema. Adhuhuri koo limekauka kabisa, uwanja mzima umelowa. Mate ya mtu mwenyewe yaliyomo kinywani hayafunguzi, na mtoto aambiwe hivyo siku ya kwanza kabla hajaanza. Wa pili ni kusahau. Ameona embe mezani, kaliuma, kakumbuka katikati, sasa analia kwamba saumu yake imekwenda. Haikwenda. Aliyekula kwa kusahau ateme kilichomo kinywani, asukutue, aendelee. Wa tatu ni bahari. Miaka hii Ramadhani imeingia kwenye kaskazi: mwaka 2026 imeanza kati ya Februari 18 na 19, na 2027 itaingia karibu na Februari 8. Ni joto kwelikweli, na watoto wanakimbilia pwani kupiga mbizi. Maji ya chumvi yatamezwa tu. Aoge kwa kata uani, ajifunike kitambaa kibichi shingoni, akae kivulini.

Saa za kuangalia ni kuanzia saa 9 mpaka adhana. Akilalamika kwamba ana njaa, hiyo ni kawaida. Kinachomaanisha ufungue sasa hivi ni hiki: kizunguzungu akisimama, jasho jembamba la baridi, kutapika, kichwa kinachouma hata baada ya kulala, mkojo wa rangi ya chai au kutokojoa tangu asubuhi, na kuzubaa, yaani anaitwa na haitikii sawasawa. Mpe maji kidogo kidogo, yakiwa na sukari, pamoja na tende 2 au 3, kisha baada ya robo saa chakula laini. Anayetapika apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti, kijiko kwa kijiko. Asiyepata nafuu, au aliyelegea hata hawezi kumeza, apelekwe kituo cha afya na asimiminiwe kitu kinywani. Hapa ndipo maneno ya mzazi yanapohesabika. "Umefika saa 9 na nusu leo, juzi ulifika saa 7" humrudisha kesho. "Mwenzio mbona anaweza" humpeleka msalani.

Kwa mtoto ambaye hana dalili hizo ila amechoka kusubiri, dawa ni shughuli. Hili lina asili. Imepokewa kutoka kwa sahaba Rubayyi bint Muawwidh kwamba walikuwa wakiwafungisha watoto wao siku ya Ashura na kuwatengenezea vidude vya sufu vya kuchezea. Mtoto akililia chakula hupewa kidude mpaka wakati wa kufuturu. Kwetu kidude hicho ni keram, bao, kusuka ukili na bibi, kuchambua mbaazi, kupanga tende kwenye sahani. Simu ni ya mwisho, kwa sababu video nusu ni za vyakula. Kupeleka sahani za futari kwa majirani nako kunamfaa sana: sahani imefunikwa kawa, anabisha hodi, anarudi na sahani nyingine. Apeleke vitu vikavu, sambusa au vitumbua, wala si uji wa moto, na arudi nyumbani robo saa kabla ya adhana. Dakika zile za mwisho bodaboda zote mjini zinakimbilia futari, na dereva mwenye njaa hamwoni mtoto anayevuka njia.

Uji wa pilipili manga ndio mlango wa futari yetu, na kwa mtoto unahitaji marekebisho. Kwa watu 5 au 6, chukua unga wa mchele kikombe kimoja na uvuruge kwanza katika kikombe kimoja cha maji baridi. Ukiutia mkavu kwenye maji ya moto utapata madonge ambayo hata mwiko wa bibi hauyavunji. Chemsha maji vikombe 4, mimina mchanganyiko huku unakoroga, acha utokote kwa moto wa wastani dakika 10 hadi 12. Tia chumvi chembe, sukari vijiko 4 vya mezani, kisha tui zito kikombe kimoja, ukiendelea kukoroga mpaka uanze kuchemka, hapo uteremshe. Tui likichemshwa kwa moto mkali hukatika na uji ukawa na mafuta juu na maji chini. Wa mtoto uchotwe sasa, kabla ya pilipili, umnyunyizie kiasi cha ncha ya kisu. Wakubwa watiliwe kijiko kimoja cha chai kilichosagwa upya. Uteremshwe dakika 20 kabla ya adhana. Uji hushika moto muda mrefu, na mtoto aliyefunga kutwa hatapuliza. Ndimi zilizoungua ni jambo la kila Ramadhani.

Afuturu kwa tende na maji, aende kusali Magharibi, arudi anywe uji, ndipo vije vingine. Mpangilio huu una faida ya tumbo pia: kituo hicho cha dakika 10 au 15 humzuia kubugia. Asiyezuiwa atapiga sambusa 6 na bilauri tatu za juisi ya ukwaju yenye barafu, na atazitapika tarawehe. Vya kukaanga viwe viwili vitatu. Mhogo wa nazi, magimbi, mbaazi, ndizi na samaki ndivyo vitakavyombeba mpaka daku.

Gharama nazo tusizifiche. Sukari, nazi, mihogo, magimbi na ndizi hupanda bei wiki ya kwanza, na mtoto anayefunga anataka alichokiona kwa jirani. Tende zinunuliwe Shaabani. Nyumba ya watu 6 wanaokula tende tatu tatu inahitaji tende 540 kwa mwezi, ambazo kwa saizi ya kawaida ni kilo 4 hadi 5. Nguo za Idi zishonwe kabla ya mwezi kuingia au kumi la kwanza, kwa sababu mafundi hufunga daftari mapema na wanaoingia mwishoni hulipa zaidi kwa kazi mbovu. Mtindo wa kumlipa mtoto fedha kwa kila saumu haufai. Huanza na shilingi mia tano na kuishia na ndugu wawili wanaochunguzana midomo. Akitunzwa, atunzwe mwisho wa mwezi, na wote nyumbani wapate sawa, hata aliyefunga nusu.

Namna ya kumpongeza mwenye saumu ya kwanza hutofautiana, na zipo za kuiga. Algeria, katika familia nyingi, mtoto huvishwa vizuri akafungua kwa sharubati tamu iliyotumbukizwa pete ya dhahabu au fedha. Morocco wengi huichagua siku ya 27, wasichana wakapambwa kama maharusi na kupelekwa kupigwa picha. Oman kuna Qaranqasho, mkesha wa tarehe 15 Ramadhani, watoto wanapita nyumba kwa nyumba wakiimba na kupewa peremende na senti. Familia za Muscat zenye asili ya Unguja zinawatoa watoto wao, nyumbani kaimati ikikaa sinia moja na halwa. Uzuri wa Qaranqasho ni kwamba haiulizi nani amefunga. Ile ya pete na picha hukoleza furaha, ila ikitangazwa mapema humfunga mtoto kamba: wageni wamealikwa, nguo imeshonwa, atafunguaje saa 9? Afadhali sherehe ipangwe baada ya saumu kukamilika.

Shule ndipo mtoto anapokuwa peke yake. Darasani Kampala, Kigali, Nairobi au Leicester, wenzake watatoa vitafunio mapumziko na kumwuliza maswali. Mwalimu wa darasa na wa michezo wajulishwe kwa maandishi kabla mwezi haujaingia: mtoto anajaribu kufunga siku zipi, anaruhusiwa kufungua wakati wowote, na chakula chake kimo mkobani. Ndiyo, kiwemo mkobani. Wazazi huogopa kwamba ni kumjaribu, lakini asiye nacho akizidiwa ataomba kwa mwenzake au ataanguka. Siku ya mbio au mtihani mkubwa asifunge, naye afundishwe jibu fupi la kuwajibu wenzake, lisilo na majivuno wala aibu: "Leo najaribu mpaka saa 9."

Walioko Ulaya na Marekani ya Kaskazini wanabeba mzigo mwingine. Ramadhani hutangulia siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida. Mwaka 2016 ilianza Juni, na London saumu ilipita saa 18. Hiyo haikuwa siku ya kumfunza mtoto yeyote, na nusu siku ilitosha. Sasa imeingia majira ya baridi: Februari 2026 London ilianza na kama saa 12, ikafika 14 mwishoni. Mwaka 2030 zitakuwepo mbili, ya Januari na ya mwisho wa Desemba, na hiyo ya Desemba mchana wake ni kama saa 10 tu. Wenye watoto wa miaka 7 hadi 10 huko wamepata msimu mzuri kuliko kaka zao, wautumie.

Msichana ana jambo lake, nalo huchelewa kusemwa. Akivunja ungo, hata akiwa na miaka 10 au 11, saumu imemlazimu, na papo hapo siku za hedhi hazimruhusu kufunga. Asiyeambiwa haya mapema huona haya mbele ya kaka zake, basi anafunga na damu yake, au anashinda na njaa ili asionekane akila. Mama, shangazi au somo (kungwi wake) amweleze kabla ya mwezi: siku hizo anakula, na anakula mahali pa staha ambapo wanaume wa nyumba wamekwisha kuambiwa wasihoji. Baba akiuliza "wewe mbona hufungi?" mbele za watu, ameharibu kazi ya mwaka. Deni liandikwe kwenye kijidaftari nyuma ya mlango wa kabati, tarehe kwa tarehe, na lilipwe kabla ya Ramadhani nyingine. Akichelewesha bila udhuru, kwa Mashafi hulipa saumu na kibaba cha chakula kwa kila siku. Miezi ya kusi, kuanzia Juni hadi Agosti, kuna baridi kidogo na ndiyo inayofaa kulipia.

Kumi la mwisho mtoto huwa ameshachoka, na hapo wazazi humsukuma "amalizie". Siku mbili kamili na nyingine za nusu zinatosha mwaka wa kwanza. Siku ya 29 ina matata yake: mwezi. Wapo wanaofuata mwezi wa kimataifa na wapo wanaongoja utangazwe nchini, na mtoto mwenye bibi upande huu na shangazi upande ule atajikuta katikati ya Idi mbili. Aambiwe mapema kwamba mwezi ni wa siku 29 au 30, na kwamba anafuata nyumba aliyolala. Ugomvi wa wakubwa juu ya mwandamo usifanyiwe mbele yake.

Zaka ya fitri inamhusu hata asiyefunga. Baba humtolea pishi moja ya chakula, kama kilo mbili na nusu hadi tatu za mchele, kabla ya sala ya Idi. Apime mwenyewe kwa kibaba, vibaba 4, na aipeleke mwenyewe. Watoto wengi hukumbuka safari hiyo kuliko mawaidha. Asubuhi ya Idi apewe kitu chepesi kabla ya sala, maana tumbo lililozoea futari halipokei pilau na biriani saa 3 asubuhi. Kuharisha kwa Idi pili kunatokana na hilo, pamoja na aiskrimu za viwanjani zilizonunuliwa kwa mkono wa Idi.

Wiki inayofuata, kabla shule haijamchukua, kaeni naye muandike: alifika saa ngapi siku zipi, alifungua kwa nini, daku gani lilimkaa. Zile za msalani pia atazitaja, kama njia iliachwa wazi.